Siku Gari Lilipopanda Kinole

Nilipolinunua gari langu, rafiki zangu wa Kihonda walishangaa kwa nini sikuchukua dogo lisilokula mafuta. Sikuwaeleza. Mwezi uliopita, mvua ilipopumzika kidogo, nililaza siti za nyuma, nikapakia mchele, sabuni na godoro la mjomba, nikamketisha mama mbele, tukatoka kwake Bigwa kwenda Kinole, kijiji cha mlimani alikozaliwa.

Kama umekulia huku, njia ile unaijua. Utotoni tulikwenda kwa bibi mara moja tu kwa mwaka, likizo ndefu, juu ya lori lililofuata ndizi. Lilipofika kwenye mlima wa mwisho, wote tulishushwa. Wanaume walisukuma, wanawake walijitwisha mizigo, na sisi watoto tulivua viatu tukapanda tukikita vidole kwenye tope jekundu, huku harufu ya mdalasini ulioanikwa ikitufuata kutoka kila ua. Tulifika jioni tukiwa hoi. Bibi alitupokea kwa magimbi ya nazi, akatuuliza mbona tumekonda.

Safari hii tope lilikuwa lile lile. Tulipoufikia ule mlima, mama akashika kitasa cha mlango.

"Nishushe hapa, mwanangu. Gari lipande tupu."

Nikamsihi akae, maana magoti yake siku hizi hayawezi hata ngazi za zahanati. Nikaweka gia ndogo, nikakanyaga mafuta taratibu. Magurudumu ya mbele yakateleza, mkia ukayumba kuelekea korongo la kando ya njia. Kisha nikasikia ya nyuma yakishika ardhi, yote manne yakavuta pamoja, na gari likapanda bila papara mpaka juu. Nilikuwa nalipenda tangu zamani, lakini siku ile nililiheshimu.

Tukaingia kwenye ua wa bibi, anakoishi mjomba sasa. Ilikuwa bado asubuhi. Mama alisimama akalitazama kaburi la mama yake kando ya migomba, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kumbe kwa mama ni karibu hivi."

Tangu hapo tunapanda kila Jumamosi tunayoipata, na gari halijatuangusha hata mara moja. Anayekosekana ni yule aliyekuwa akitungoja mwaka mzima.