Uliza Namba ya Silikoni Kabla ya Kuwasha Tanuru

Bawa la feni lilipasua wavu wa chuma, likaruka juu ya majani ya chai yaliyotandazwa kunyauka, likamkata mkono wa kulia Rael, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Naikumbuka siku hiyo, mwanangu, maana nilikuwa kwenye karakana ya kiwanda hicho, nimeitwa kutazama pampu. Nimestaafu kazi ya kuyeyusha na kumimina alumini, lakini mashine zikigoma bado wananiita. Nilisikia kishindo, nikasikia kina mama wakipiga mayowe, nikapanda ngazi.

Kabla Rael hajatoka hospitalini, kiwandani walikuwa wamekwisha kumpata wa kulaumiwa: Rael mwenyewe. Eti aliegemea wavu. Nilikwenda kumwona nikamuuliza, kwa sababu sipendi kusimulia jambo ambalo sijaliuliza.

“Baba,” akaniambia, “mimi nilikuwa nageuza majani kule upande mwingine. Hiyo feni ndiyo ilinifuata. Sasa niliegemea nini, hewa?”

Nilikuwa nimeliokota lile bawa. Pale lilipokatika palikuwa pamemeguka kama biskuti, bila kupinda hata kidogo. Alumini iliyochanganywa vizuri haiachi alama ya namna hiyo. Nikataka kujua ilichanganywa na nini.

Feni za kiwanda zilikuwa zimemiminwa upya na kijana anayeitwa Kipng’eno, mwenye karakana karibu na Silibwet. Si mtu mbaya. Alinikaribisha chai, akanionyesha tanuru lake, akanionyesha na silikoni, yale mawe ya kijivu yanayong’aa ambayo sisi huyatia kwenye alumini ili itiririke vizuri na isipasuke ikipoa. Yalikuwa ndani ya gunia la mbolea.

“Hii silikoni yako ni namba gani?” nikamuuliza.

“Namba tena? Mzee, si ni silikoni tu. Broka wa Kericho aliniambia hata viwanda vya chuma huko Nairobi wanatumia hiyo hiyo.”

Viwanda vya chuma hutumia ferosilikoni, yaani silikoni iliyochanganywa na chuma kingi. Kwao haina ubaya, chuma kinaingia kwenye chuma. Lakini ukiitia kwenye alumini, kile chuma hujipanga ndani kama sindano, na kifaa hukatika bila kukuonya. Kwa macho mawe yale yanafanana. Nililinyanyua moja nikaliona zito kuliko silikoni niliyoizoea. Siwezi kuapa, maabara ndiyo iseme. Ila najua kwamba hakuna aliyeuliza, si Kipng’eno, si broka, si kiwanda kilichoagiza zile feni.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Injinia Soi.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye karakana moja upande wa Litein, na Injinia Soi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, mzee mrefu mwenye sauti ya chini. Fundi wetu wa tanuru aliitwa Otieno, alitoka upande wa ziwa, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja lililetwa gunia lisilo na alama, na Otieno akataka tuendelee na kazi.

“Injinia, silikoni ni silikoni,” akasema. “Ama unataka niiulize jina la babake?”

Tukacheka. Injinia hakucheka. Alituambia tuvae viatu vizuri, akatuongoza kwa miguu mpaka kituo cha kununulia majani, ng’ambo ya barabara. Karani alikuwa amemwaga majani ya mama mmoja mezani, anayachambua kwa vidole. Majani mawili na chipukizi yanaenda huku, majani makuukuu na vijiti vinarudi kwa mwenyewe. Yule mama alisimama kando, kikapu kitupu mgongoni.

“Otieno,” Injinia akasema, “mwambie huyu mama kwamba majani ni majani.”

Otieno aliangalia chini.

“Mwambie. Si una mdomo? Jani kuukuu likiingia, mtu anakunywa chai mbaya. Chuma kikiingia kwenye alumini yako, mtu anazikwa. Huyu anachambuliwa kila siku na hajaua mtu. Wewe nani amekuchambua?”

Tulirudi kazini. Tangu siku hiyo, gunia lisilo na namba halikufunguliwa kwenye karakana ile.

Ndiyo maana moyo wangu unachemka, mwanangu. Mpaka leo, hapa Kericho na kule Bomet, mkulima akiteleza akachuma jani gumu anarudishiwa mbele ya majirani zake. Kiwanda hicho hicho kinachomrudishia kinazungusha mbele ya watu feni zilizotiwa mawe ya gunia la mbolea. Nilimwendea meneja, nikamkabidhi lile bawa lipelekwe maabara, nikamwomba azime feni zote zilizomiminwa pamoja na ile, mpaka zipimwe.

“Mzee, majani yamejaa,” akaniambia. “Nikizima feni nitayanyausha na nini, na pumzi yako?”

Mwanangu, wewe unayefungua karakana, sikia. Anza na kile unachotengeneza, ndipo uende dukani. Namba za silikoni si siri: ya kwanza inakuonyesha kiasi cha chuma, ya pili alumini, ya tatu kalsiamu, na ikiwa ndogo, uchafu nao ni mdogo. Kwa mfuniko wa sufuria, tano-tano-tatu itakutosha. Kwa kitu kinachozunguka karibu na watu, tafuta yenye chuma kidogo zaidi, kama nne-nne-moja, maana sufuria na vipuri chakavu unavyoyeyusha vimekuja na chuma chao tayari. Ile safi kabisa waachie wenye viwanda vya kemikali. Kuinunua kwa ajili ya sufuria ni kujionyesha. Dai cheti cha vipimo cha shehena hiyo hiyo. Muuzaji akikucheka, mwache na gunia lake. Na wewe unayeagiza vifaa, usijifiche nyuma ya fundi. Uliza, kwa sababu watakaosimama mbele ya feni ni watu wako.

Mungu aibariki mikono yako, irudi nyumbani jioni mizima, na kazi yake isimwumize mtu usiyemjua.

Lile bawa bado liko kwenye droo ya meneja, halijapelekwa maabara. Feni nyingine zilizotoka kwenye gunia lile zinazunguka hivi ninavyoandika, na kina mama wanageuza majani mbele yake.