Mkufunzi wa walimu aliyeomba kupelekwa darasa la kwanza

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu ameketi kwenye kiti cha mtoto mlangoni mwa darasa la kwanza, magoti yamekaribia kidevu. Mkononi ana rundo la kadi. Kila kadi ina sentensi fupi tofauti, ili anayesubiri zamu asije akakariri ya mwenzake.

"Baba amenunua kiti kipya," anasoma mtoto wa kike aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Kisha anaongeza bila kuulizwa, "Lakini kwetu hajanunua."

Mwanamke anacheka na kutia alama ya vema kwenye orodha. Anayefuata anaitazama kadi yake, anameza mate, anaitazama tena. Nusu dakika inapita. "Ahsante mwanangu, nenda ukakae," anaambiwa. Huyo hapati vema.

Huyu mama si mwalimu wa darasa la kwanza. Ni mkufunzi wa chuo cha ualimu kilicho ng'ambo ya barabara, na kwa miaka kumi na tisa amewafundisha walimu watarajiwa jinsi ya kumfundisha mtoto kusoma. Wanachuo humwita Mama Silabi. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumteta, siku hizi wanamwita hata mbele yake, naye anaitika.

Leo, siku ya mwisho ya muhula, anahitaji watoto arobaini kati ya hamsini na wanane. Wakisoma arobaini, kila mkufunzi wa mbinu za kufundisha pale chuoni atalazimika kuvuka barabara asubuhi mbili kwa wiki na kufundisha watoto, wanachuo wakimtazama. Wasipofika, mpango unakufa na yeye anarudi kwenye ukumbi wa mihadhara. Ndivyo alivyokubaliana na mkuu wa chuo muhula ulipoanza.

Chanzo cha yote hayo ni swali la mwanachuo wa mwaka wa pili. Mama Silabi alikuwa katikati ya mhadhara, amenoga kweli kweli, kijana akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu, "Samahani Mkufunzi, wewe darasa la kwanza ulifundisha miaka mingapi?"

Jibu lilikuwa hakuna hata siku moja. Alifundisha sekondari, akarudi kusoma, akapata shahada, akapangiwa chuo.

"Nikamwambia tuendelee na somo," anakumbuka. "Lakini nilikuwa nimeshaona haya. Ukumbi mzima ulijua nimekwepa."

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani, akitarajia kuliwazwa. Wapi! Mzee alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mama watoto, kumbe miaka yote hiyo unafundisha watu kushona na hujawahi kushika sindano!"

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaenda kumwomba mkuu wa chuo afundishe darasa la kwanza muhula mzima.

Wenzake hawakulipokea vizuri jambo hilo. Mkufunzi wa hisabati, ambaye chuo kizima kinamwita Kanuni kwa sababu hana jibu lisiloanza na neno hilo, alimvaa waziwazi kwenye chumba cha wakufunzi. "Dada, unataka kutuvua nguo mbele ya wanafunzi wetu. Kanuni ni kwamba mkufunzi anasahihisha, hasahihishwi."

Jamani, na somo la kwanza lilimpa Kanuni la kusema. Wanachuo sita walikaa nyuma ya darasa na fomu ile ile ambayo Mama Silabi huitumia kuwapima wao. Alikuwa na andalio la somo la kurasa nne. Watoto hamsini na wanane wana vitabu vya kusoma kumi na vinne, kwa hiyo dakika kumi za kwanza ziliishia kwenye kugombea vitabu. Mmoja alijikojolea. Wawili walilala. Kengele ikalia yeye bado yuko ukurasa wa kwanza.

Wanachuo walimpa alama arobaini na moja kati ya mia moja. "Na walinionea huruma," anasema.

Lakini kilichomwumiza zaidi kilikuja wiki ya pili. Aliandika herufi ubaoni, akauliza nani anaijua. Mikono ikapanda darasa zima, yote hamsini na minane. Alifurahi sana. Akamchagua binti wa safu ya pili, ambaye hata hivyo alimtazama kama mtu aliyeonewa.

Jirani yake akaona amsaidie. "Mwalimu, huyo kanyoosha wa kushoto!"

"Kwani wa kushoto una nini?"

"Wa kushoto ni wa asiyejua. Tunanyoosha wakija wageni wa kuwapima walimu."

Kule nyuma, wanachuo sita wakainamia daftari zao kwa pamoja. Mama Silabi akaitazama upya ile mikono. Ya kulia ilikuwa kumi na miwili. Yote iliyobaki ilikuwa ya kushoto.

"Nilijiona mimi mwenyewe kule nyuma," anasema. "Kwenye fomu yetu kuna kipengele cha ushiriki wa wanafunzi. Ni alama kumi na tano. Mimi hukaa nyuma, nikiona mikono imejaa hewani, naandika kumi na tano, nainamia kipengele kinachofuata. Miaka kumi na tisa! Sikuwahi kutazama ni mkono gani."

Alimfuata mwalimu wa darasa, kijana mchapakazi aliyehitimu chuo hicho hicho miaka mitano iliyopita. Mama Silabi alikuwa amekasirika. Kijana hakujitetea sana.

"Mama, mchezo huu sikuubuni mimi. Tulifundishwa na waliotutangulia, kila mwaka unapokezwa," alimwambia. "Na wewe mwenyewe ulinipa themanini na saba kwa mikono hiyo hiyo."

Hapo hasira ikakosa pa kwenda.

Kesho yake aliwatangazia watoto kwamba mkono wa kushoto unaruhusiwa, ila uwe wa kweli, na yeye ataanza na wa kushoto. Wanachuo waliokuwa nyuma akawahamisha, kila mmoja akapewa kikundi cha watoto wasiojua. Maandalio ya kurasa nne yakaingia mitini. Nusu ukurasa ukatosha, na sehemu kubwa yake ikawa majina ya watoto na mahali kila mmoja alipokwama jana.

"Nimejifunza mambo ambayo hayamo kwenye notisi zangu," anasema. "Kwamba mtoto anaweza kuimba silabi zote kwa mdundo na asiijue hata moja ukimwonyesha peke yake. Notisi hizo nimewapa walimu zaidi ya elfu mbili. Naumia nikifikiria."

Mwanzo wa muhula, watoto waliosoma sentensi bila msaada walikuwa tisa. Leo, saa nne kasoro, anahesabu alama zake za vema mara ya kwanza, mara ya pili. Anampa mwalimu wa darasa naye ahesabu.

Thelathini na saba.

Mwalimu wa darasa anakuna kichwa. Anasogea karibu na kushusha sauti. "Mama, kuna wale watatu waliokwamia neno la mwisho tu. Si wanasoma soma? Watie vema yaishe. Nani atajua?"

Mama Silabi anaitazama orodha, kalamu mkononi. Hasemi kwamba hajashawishika. Baadaye atakiri kwamba kalamu ilikuwa imeshasogea.

"Hapana baba," anasema mwishowe. "Hicho ndicho nilichokuja kukiacha."

Anaandika 37, anatia sahihi, anavuka barabara.

Mkuu wa chuo anaisoma karatasi akiwa amesimama. Ni mtu wa maneno machache. "Tulisema arobaini," anasema. "Wakufunzi wenzako wanajua tulisema arobaini. Siwezi kuwalazimisha. Muhula ujao urudi ukumbini."

"Sawa, mkuu. Lakini naomba unielekeze jambo moja. Zile alama nilizotoa miaka yote, nizirudishe wapi?"

Mkuu anavua miwani, anaifuta, anaivaa. Anafungua faili la ratiba na kulipekua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Mihadhara yako naweza kuiweka mchana," anasema bila kuinua macho. "Asubuhi zako unazitumia wapi, mimi sitauliza. Na wanachuo wakitaka kukufuata, wasikose vipindi vya wengine."

Si ushindi, na Mama Silabi hadai kuwa ni ushindi. Fomu ya tathmini ni ile ile. Kanuni na wenzake hawatavuka barabara. Anachotamani ni kwamba siku moja hakuna atakayepangiwa kufundisha walimu kabla hajakaa mwaka mzima na watoto. "Sijui kama nitaiona siku hiyo kabla ya kustaafu. Nimebakiza miaka saba," anasema.

Mchana, wazazi wanapokuja kuchukua watoto, anasimama getini na majina ya wale ishirini na mmoja ambao hawakupata vema. Anawaita wazazi wao mmoja mmoja, kando.

"Mama, mwanao bado hajajua kusoma," anamwambia mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Kosa si lake. Ni letu."

Mwanamke anamkodolea macho. "Mwaka mzima naambiwa anaendelea vizuri."

"Najua. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo."

Mwanamke anamrekebisha mtoto mgongoni, anamtazama na yule mkubwa aliyemshika sketi. Hagombi, ingawa ana haki ya kugomba.

"Haya," anasema. "Sasa tunafanyaje?"

"Shule ikifunguliwa, mlete saa moja na nusu. Nitakuwepo."