Siku Nilipomtoa Hansa Mfano

Mpaka leo nikikaribia lile duka la masufuria na turubai pale Kigoma mjini huwa navuka barabara, mtu mzima na mvi zangu nakwepa duka, na aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zinashusha watu kule mpakani Kagunga kila kukicha, magari meupe ya mashirika yamejaa hadi mtaani kwetu Kasingirima, na bosi wangu Mzee Kanti (Muhindi mzaliwa wa Ujiji, Kiha anakijua kuliko mimi) anauza turubai hata muda wa kula hana. Mimi karani wake wa stoo, na kwa kiherehere changu nilikuwa nasoma sosholojia kwa posta. Mada ya muhula ule ilikuwa jamii ya Kihindi na mabadiliko yake: matabaka, ndoa, ukoo mzima kukaa nyumba moja, nani anakula na nani. Mwalimu wa huko Dar akaandika kwa wino mwekundu kwamba anataka mfano hai.

Sasa mfano hai si nilikuwa naye stoo! Hansa, binti wa mzee, ndiye aliyekuwa akishika mauzo. Kwao hawali nyama wala samaki, tangu mababu, sufuria iliyopikiwa samaki haivuki mlango wa jiko lao (kuwauzia wapika samaki ni ruksa), lakini ikifika saa saba mchana Hansa anaingia stoo, anafunga mlango, tunakaa juu ya marobota ya turubai tunakula ugali na samaki, migebuka ya mama yangu, na kichwa anafyonza yeye, jamani, mimi naachiwa mkia. Miaka miwili ile siri tuliijua wawili tu.

Basi wakaja wageni kwa treni kutoka Tabora kumposa. Kijana mwenyewe Hansa alikuwa anampenda, barua zake alishanisomea, tatizo lilikuwa mama wa kijana, mama wa mila haswa, na neno la mwisho lilikuwa lake. Jumapili mchana mzee akanituma nipeleke kreti za soda nyumbani, kazi ya dakika tano, nami nikaamua kuchukua na daftari. Nikajibanza kwenye kona naandika nani kakaa wapi, nani kahudumiwa kwanza, mpaka mjomba wa kijana, mtu mpole tu, akaniuliza naandika nini.

Ningesema nahesabu soda. Badala yake nikasimama (nilisimama, ndugu zangu) nikaeleza kozi yangu yote, wakafurahi, nikapewa na ladu, kile kitamutamu chao cha mviringo. Mjomba akacheka akasema nisijisumbue, Wahindi ni walewale, hawabadiliki. Hapo nikaona taaluma imedharauliwa.

“Wanabadilika, mzee,” nikasema. “Hata Hansa wetu, kwa migebuka ananishinda mimi.”

Hansa alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai. Wote wakamgeukia, nami nikaona niokoe jahazi, nikafafanua kwamba hali kila siku, ni Jumatatu hadi Ijumaa tu. Mama wa kijana akaweka kikombe chini, akajifunika vizuri sari yake. Mzee Kanti akanisemesha Kiha, jambo alilokuwa akilifanya akikasirika kweli tu, nikatoka na ladu mdomoni.

Wageni wakapanda treni bila kutaja tarehe ya harusi. Jumatatu saa saba nilingoja juu ya marobota, Hansa akaja, hakukaa, macho yamevimba.

“Nilidhani nakula na rafiki yangu, Shabani,” akasema. “Kumbe ulikuwa unanisoma.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee hakunifukuza, aliacha tu kuniita kwa jina. Yule kijana alimbembeleza mama yake karibu mwaka mzima, wakaoana hukohuko Tabora, sikualikwa, na nasikia Hansa aliapishwa mbele ya mama mkwe kwamba samaki basi.

Insha niliituma. Kwa aibu nilifuta habari yote ya migebuka, ikarudi na alama za kusikitisha na wino mwekundu: “Mfano hai uko wapi?” Niliisoma palepale stoo, peke yangu, bakuli la mama limejaa na kichwa cha samaki kimebaki hakina mtu. Kozi nikaiacha. Tangu siku ile, nikila na mtu, nakula tu.