Asidi ya Karo Nilimupatia Ramazani

Kosa ni yangu. Batu banasema ni simenti iliharibu mikono ya Ramazani, na mi naachaka baseme vile. Leo nimechoka kuficha.

Niko maçon, fundi ya kujenga, hapa Lubumbashi, kazi yangu ni kubandika karo, vigae ya chini mu nyumba. Mu chantier moja ya Bel-Air, mahali banajenga nyumba, tulikuwa babili, mi na Ramazani. Yee ni muislamu, jamaa yake ilitokaka Maniema zamani.

Saa ya sala ikifika, Ramazani alikuwa anakaa chini kukwangua simenti ku mikono. Ku dini yake, mbele ya kusali mayi inapashwa kufika ku ngozi, na simenti ikikaukia pale, inaikatalia. Basi anakamata kipande ya tofali, anakwangua pole pole, kidole kwa kidole. Mi niko nangojea, simenti tulichanganya inaanza kukauka. Kasirani ilikuwa inanipanda, siwadanganye.

Siku moja nikachoka. Tulikuwa na bidoni ya asidi, ile tunasafishaka nayo karo kazi ikiisha. Nikatia mayi mu beseni, nikamwangamo asidi kidogo.

"Chovya mu hii, ndugu. Mungu hatakungojea mpaka magaribi."

Akachovya. Simenti ikatoka na povu, mikono ikabakia safi. Akacheka, akanishukuru juu nimemusaidia ku sala yake. Kunishukuru mi!

Tangu pale, kila siku ilikuwa beseni. Kisha ngozi ikaanza kupasuka katikati ya bidole, na simenti mbichi ikawa inaingia mu ile mipasuko. Alinionyesha. Nikamuambia kila maçon anapitiaka mule, apakale mafuta ya mawese tu. Nilijua vizuri asidi inafanya nini. Lakini kazi ilikuwa inaenda mbio, patron, mwenye kazi, alikuwa ananisifu.

Mikono ikavimba, ikatoa mayi, kucha zikaanza kutoka. Nikamupeleka ku hopitali mi mwenyewe. Munganga akauliza alikuwa ananawa na nini. Ramazani akaniangalia. Nikajibu mbele yake: "Mayi na sabuni, docteur."

Ramazani akamunyooshea munganga mikono.

Munganga akamukataza kugusa simenti maisha yake yote. Leo bidole yake haikunjike. Bibi yake ndiye anamufungia vifungo ya shati, na ndiye anauzisha makala ya kupikia ku mulango juu batoto bakule.

Juma iliyopita nilienda kumusalimia. Tulikaa, bibi yake akatuletea chai. Kisha akasema, bila hasira: "Ile siku kwa munganga, nilikuwa nangojea useme mwenyewe. Mi sikutaka bakufukuze ku kazi."

Mungefikiri nililia. Sikulia. Nilikunywa chai yangu, nikaaga, nikarudia ku nyumba. Nakula, nalala, nabandika karo. Mu moyo hamuna kitu, ni kama hii kidole ya maçon mzee, unaichoma na sindano haisikie.

Ndugu bamaçon, muvae gants ku mikono, hata kama banawacheka. Simenti ikigusa ngozi, munawe palepale na mayi mingi, musingojee ikauke. Asidi ni ya karo, haiko ya mutu. Na munganga akiuliza, museme ukweli palepale, hata kama kazi itaisha.

Mi kazi niko nayo mpaka leo. Ramazani hana.