Mraba wa Kumi na Tano

Karatasi ikipitishwa chini ya mlango, juu ya sakafu ya simenti, ina sauti yake, kama mtu anavuta pumzi kupitia meno. Juzi niliisikia. Ilikuwa tangazo tu la mtu anayeuza maji ya kuletewa nyumbani. Lakini nilikuwa nishashuka kitandani, nimepiga magoti, mkono umenyooka, kabla sijakumbuka kwamba nina miaka ishirini sasa na hakuna mtu wa kuniletea hesabu.

Basi niwaambie, maana hili nimelibeba peke yangu muda mrefu, na mimi si mtu wa kubeba vitu muda mrefu.

Nilikuwa darasa la tano. Mimi na mama tulikuwa tumehamia Likoni, chumba kimoja ndani ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, choo na bomba uani. Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo, Changamwe. Alitoka alfajiri kuwahi feri na kurudi baada ya magharibi, miguu imevimba. Mimi nilitoka shule saa tisa na nusu. Zile saa za katikati, wacheni niseme ukweli, zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima wa sasa. Watoto wa mtaa walinijaribu wiki moja. Wakiruka kamba nikawahesabia, na wakidanganya nikawaambia wamedanganya. Wakanipa jina la Mwalimu, kisha wakaacha kuniita kwa jina lolote.

Kwa hiyo nilikaa ukumbini. Ukumbi ulikuwa na baridi nzuri na harufu ya mafuta ya taa na dagaa waliokaangwa jana. Nilikuwa na vipande vya chaki nilivyookota darasani, na sakafu nzima ilikuwa yangu. Sikuwa nachora nyumba wala wanasesere. Nilikuwa nafanya hesabu, si za shule, hizo nilizimaliza kabla mwalimu hajakaa. Hesabu za kujitungia. Nilipenda lile jambo la mwisho, jibu linapokubali, kama kifuniko kinapoingia kwenye chupa yake.

Siku moja nilikuwa najumlisha moja mpaka kumi, moja moja, kwa sauti, ili angalau nisikie mtu akiongea.

"Hamsini na nne," nikasema.

"Na tano," mlango ukajibu.

Ulikuwa mlango wa mkabala na wetu, chumba cha Mama Ruwaida. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli, tena kwa nje.

"Nani?" nikauliza.

"Hamsini na tano. Umeruka mahali."

"Sijaruka."

"Moja na kumi, kumi na moja. Mbili na tisa, kumi na moja. Tatu na nane. Ziko jozi tano kama hizo. Wewe unajumlisha kama unapanda ngazi na gunia mgongoni."

Nilirudia mara mbili kwa chaki nikitafuta njia ya kumshinda. Haikuwepo. Hivyo ndivyo nilivyomjua Ruwaida.

Mama yake alikuwa akiuza viazi karai barabarani kuanzia saa tisa mpaka magharibi, na alimfungia ndani binti yake asije akatoka kwenye upepo. Nilimwona kwa macho mara tatu tu, akipelekwa bafuni, amejitanda shuka, mwembamba, macho yana umanjano. Nilidhani ni mdogo kwangu. Mama yangu alisema ana ugonjwa wa damu, wanauita selimundu, akanionya nisimpigie kelele. Nikasema ndiyo. Sikuuliza zaidi. Mimi nilikuwa na haraka ya swali linalofuata.

Mambo mengine hayawezi kusemwa mlangoni, lazima uone tarakimu. Ndipo tukaanza karatasi. Nilichana kurasa za daftari la hesabu, zile zenye vyumba vyumba, nikaandika swali, nikalisukuma chini ya mlango. Yeye akajibu, akasukuma lake. La kwanza langu lilikuwa la mbuzi na kuku: vichwa kumi, miguu ishirini na sita, mbuzi wangapi? Karatasi ilirudi kabla sijakaa vizuri. "Watatu. Wape wote kumi miguu miwili kwanza, inayobaki ni ya mbuzi, miwili miwili." Hata kalamu yake ilinidharau.

Maswali yake yeye hayakuwa kama ya vitabu. Nalikumbuka hili: "Dari lina boriti saba. Kila nafasi kati ya boriti mbili ina mijusi kafiri watatu. Mijusi wangapi?" Nikaandika ishirini na mmoja, haraka, kwa ufahari. Kicheko kilichotoka nyuma ya ule mlango! Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko mwili wake, kikaishia kwenye kikohozi.

"Kumi na wanane! Boriti saba zina nafasi sita, ewe! Huwaoni? Laiti ungelala hapa ungewaona."

Nilikasirika mpaka mama aliporudi. Kesho yake nikaharakisha kutoka shule kuliko siku zote.

Muhula ukaenda hivyo. Nilikuwa na mtu. Darasani nilikaa peke yangu, mapumziko nilikula peke yangu, lakini mfukoni nilikuwa na karatasi, na kuna mtu upande wa pili wa mlango aliyeingoja. Mtoto mwenye upweke hahitaji watu wengi. Mmoja anatosha, bora ajibu.

Kisha nikaleta ule mraba.

Mwalimu wetu wa hesabu alituchorea ubaoni, wale tuliomaliza mapema: mraba wenye vyumba tisa. Weka moja mpaka tisa, kila moja mara moja tu, na kila mstari, wa kulala, wa kusimama na wa mshazari, ujumlike kumi na tano. Nilihangaika nao usiku na mchana, sikuupata. Na kwa kuwa sikuupata, niliuchora mtupu, nikaandika chini yake, "Huu hauuwezi," nikausukuma.

Siku hiyo hakuna jibu. Ya pili hakuna. Kufuli halikuwepo mlangoni. Mama Ruwaida hakwenda kuuza. Niliona jambo hilo kwa sababu moja tu: akiwepo mama yake, hatuwezi kuongea. Siku ya tatu niliandika karatasi nyingine, nikaipenyeza mama yake alipokuwa uani: "Mbona unachelewa? Kama umeshindwa sema." Niliandika hivyo. Naijua mpaka herufi zake zilivyolala.

Siku ya nne nilifika kutoka shule nikakuta nyumba nzima imesimama ukumbini. Mama Ruwaida alikuwa katikati, leso imemteleza kichwani, ameshika koleo la makaa. Kwenye ncha ya koleo kulikuwa na karatasi iliyokuwa imekunjwa mara nne, sasa imefunguka. Hakutaka kuigusa kwa mkono.

"Nani kaitia hini chumbani mwangu?" alikuwa akisema. Sauti yake haikuwa kubwa, na hilo ndilo lililotisha. "Nimeitoa chini ya mto wa mwanangu. Siku ya nne yuwaumwa, mifupa yote yamlilia, kumbe kalalia hini!"

"Kwani nini hiyo?" mmoja akauliza.

"Talasimu! Mimi naijua talasimu. Marehemu mwanangu wa kwanza, naye mifupa ikimlilia hivi hivi, alivalishwa shingoni, mraba huu huu, tarakimu hizi hizi, ndani ya ngozi. Lakini ile nilikwenda kuiomba mwenyewe kwa fundi wa hirizi. Hini, nani kaiomba?"

Na macho yake yakaenda kwa Bi Rukia wa chumba cha mwisho, ambaye wiki ile walikuwa wamegombana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

"Mimi?" Bi Rukia akapiga kifua. "Wallahi, Mama Ruwaida, mwogope Mungu! Mimi hata kuandika jina langu sijui, nitaandika tarakimu tisa?"

"Mtu hatakiwi kujua kuandika. Mtu analipa."

"Haya, nimelipa kwa nini? Kwa kamba?"

"Nshazika mmoja," Mama Ruwaida akasema. "Sitazika wa pili."

Nilikuwa nimejipenyeza mpaka mbele. Najua nilichopaswa kufanya, na nyinyi mnajua. Lakini mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye ncha ya koleo. Mraba niliupeleka mtupu, na sasa ulikuwa umejaa. Mbili, saba, sita. Tisa, tano, moja. Nne, tatu, nane. Nikajumlisha juu, nikajumlisha chini, nikajumlisha mshazari. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano.

"Amepata!" nikapiga kelele. "Amepata! Amepata!"

Nilirukaruka. Ndiyo, nilirukaruka, pale, katikati ya watu wale.

Wote wakanigeukia. Bi Rukia alikuwa wa kwanza kuvuta pumzi.

"Umesema nini, wewe?" Mama Ruwaida aliuliza.

"Ruwaida amepata. Ni hesabu, mama. Mimi ndiye nilimpa. Ni hesabu tu."

"Nani kakupa wewe?"

"Mwalimu."

"Mwalimu gani? Wa chuo cha Kurani?"

"Wa shule. Wa hesabu."

Kutoka chumbani sauti ikaja, ndogo, yenye mikwaruzo: "Mama, kweli. Hesabu. Tano haina mwenzake, ndiyo maana nimeiweka kati." Alikuwa ananiambia mimi. Alikuwa ananieleza njia, mbele ya watu wote wale, akiwa katika hali ile.

"Nyamaza, mwanangu, pumzika," mama yake akasema. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Alinitazama kama kitu ambacho mtu mwingine amekitumia.

Karatasi ilitiwa kwenye bakuli la maji ya chumvi, kisha ikachomwa uani. Jioni mama yangu alinishika mkono, na miguu yake ile iliyovimba, tukapiga hodi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Hakufungua mlango wote.

"Tumekuja kutaka radhi, jirani," mama akasema. "Mtoto hakujua."

"Sina ubaya nawe, Mama Mejumaa. Lakini mwanao asiusogelee mlango wangu."

"Naweza kumwambia kitu kimoja tu?" nikauliza.

"La."

Nilitaka kumwambia kwamba nimeelewa kwa nini tano inakaa kati. Moja na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, kila moja na mwenziwe, kumi kumi, kuzunguka ile moja iliyobaki. Nilikuwa nimeelewa mchana ule ule, na nilikuwa sina mtu mwingine wa kumwambia.

Kesho yake nilijaribu karatasi. Haikupita. Mama Ruwaida alikuwa ameziba upenyo kwa kanga kuukuu, akaikandamiza vizuri kona mpaka kona. Nilisubiri ukumbini siku ile, na zilizofuata. Nilijumlisha vibaya kwa sauti, makusudi, makosa makubwa makubwa ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyavumilia. Mlango haukujibu.

Mwezi ulipoisha walihama nikiwa shule. Kwa ndugu zake, Kisauni, ndivyo walivyosema. Chumba kilikuwa wazi, kimefagiwa. Niliingia nikalala chali sakafuni, mahali kitanda kilipokuwa. Boriti zilikuwa saba kweli. Nilikaa pale mpaka mama akaja kunitafuta, na hapo ndipo nilipotambua kwamba maswali yote ya Ruwaida yalikuwa ya mtu aliyelala chali. Hilo nililijua siku ile ile. Lingine lilichukua miaka.

Miaka yote hiyo nilimhukumu Mama Ruwaida. Nikisimulia, na nilisimulia mara mbili tatu shuleni ili wenzangu wacheke, nilimfanya mwanamke mjinga mwenye koleo. Mpaka fomu foo, somo la baiolojia. Mwalimu alichora mraba ubaoni, wenye vyumba vinne. Juu akaandika herufi za baba, pembeni herufi za mama. Watu wawili hawa, akasema, hawaumwi, wala hawajui wanabeba nini. Akajaza vyumba. Kimoja kati ya vinne akakipaka chaki chote: mtoto wa hapa, akasema, atakuwa na selimundu.

"Na wakizaa wawili, uwezekano wa wote wawili kuumwa ni—"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. "Robo mara robo. Moja kwa kumi na sita."

"Vizuri sana, Mejumaa."

Nikakaa, nimefurahi. Na ilikuwa baada ya kukaa ndipo nilipojua nimemkokotoa nani. Wenzangu waliendelea kuandika. Sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kucheka ile hadithi, nami ndiye niliyewafundisha kuicheka.

Sijui kama Ruwaida yu hai. Nimeuliza Kisauni, si kwa bidii ya kutosha. Katika karatasi zote nilizompelekea hakuna hata moja iliyomuuliza u hali gani.

Lakini ninayemfikiria zaidi siku hizi ni mama yake. Mimi nikiona tarakimu zimekubaliana kila upande, siamini kwamba zimeanguka tu zenyewe. Nasema kuna aliyezipanga. Yeye alikuwa na watoto wawili, na wote wawili, mfupa kwa mfupa, maumivu yale yale. Aliona yamekubaliana mno. Akaanza kumtafuta aliyeyapanga, mlango kwa mlango, kwa akili ile ile niliyokuwa najivunia mimi. Na mimi nikasimama mbele yake nikirukaruka, nikamwambia ni hesabu tu.