Ukangaga wa bonde la Kanama

Watu wa mjini wakiona majani marefu ndani ya maji wanasema yote ni mafunjo. Si kweli. Mafunjo yana kichwa cha nywele. Ukangaga una majani mapana, na shina lake lina kona tatu. Pitisha kidole utazisikia. Shule niliiacha darasa la pili, lakini nyumba yangu ya Nengo imetoka kwenye mikeka ya ukangaga niliyosuka kwa mikono hii, na sioni haya kulisema.

Haukuwahi kuwa mwingi kwetu. Udongo wa volkano unameza mvua, maji hayakai. Uliota kando ya ziwa, sasa pana ukuta wa hoteli. Uliota kwenye kijito nyuma ya soko, wakakijaza kifusi. Umebaki kwenye bonde moja dogo huko Kanama. Kwingine nimetafuta kwa miguu yangu, sikuona.

Juzi mvua zilipopungua nikaenda kukata. Nikamkuta mwenye bonde, mzee wa rika langu, anachimba mfereji akaushe maji apande viazi.

"Mzee, unaua ukangaga wangu!"

"Wako? Shamba iko yangu, mama. Hii majani inaliwa?"

"Nasikia binti yako anaolewa. Utamutoa bila mukeka?"

"Nitanunua ya plastiki kule mpakani, Grande Barrière." Akacheka.

"Bon, sawa. Shangazi zake wakiikunjua mbele ya wakwe, we simama pale ucheke hivyo hivyo."

Kicheko kikakatika. Kwetu mkeka wa bibi harusi ni uso wa baba yake. Lakini naye hakuwa mjinga.

"Na wajukuu yangu watakula mukeka?"

Hapo alinikamata. Njaa naijua; nimelala nayo. Nikakaa kwenye ukingo, nikafikiri, ndipo nikamwambia apande magimbi pembeni, hayaogopi maji, na katikati aache kama palivyo.

"Magimbi haina bei kama viazi."

"Viazi kwenye matope vitaoza, na hilo unalijua."

Akapiga jembe chini, akakubali. Upande wa juu alikuwa ameshaung'oa, huo umekwenda. Mimi nilitaka bonde zima, nikapata nusu ya chini, penye chemchemi. Akaanza kuuziba mfereji kwa udongo ule ule alioutoa, ananung'unika kwamba wanawake wazee ni shida.

Sikukata hata shina. Nilikaa pale mpaka nikaona maji yanatulia kwenye mizizi.