Mizani Iliyobaki Ndani ya Kopo

Juzi tulimzika mama. Siku ya pili ya matanga dada zangu walinipa kazi ya kufagia chumba chake, na nyuma ya gunia la maharagwe nikakuta kopo la maziwa ya unga, limeshika kutu, limefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani mlikuwa na mizani ndogo ya shaba, na chini yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikaa chini palepale na ufagio wangu. Rafiki yangu unayesoma, sijui kama nitakueleza vizuri. Shule yangu iliishia la sita. Lakini nitajaribu kusema kweli, hata pale inaponihusu.

Sisi ni watu wa msitu, upande wa Walikale. Mimi nimeolewa Masisi, kule Nyabiondo, kwenye vilima, ambako mtu akisimama mlangoni anaona mashamba ya watu wengine mpaka mbali. Kwetu huoni mbali, kwetu unasikia. Asubuhi za utoto wangu zilikuwa na sauti ya mama akitwanga sombe, majani ya mihogo, na matone ya mvua ya jana yakianguka toka kwenye migomba, na halafu to, to, to, kutoka kwa jirani.

Jirani alikuwa mwindaji. Hakuwa mtu wa kununua risasi mpya kila mara. Aliokota maganda ya zile alizokwisha kupiga, akayajaza tena mwenyewe nyumbani, na ile to, to, to ilikuwa kijiti chake cha mti mgumu kikishindilia kizibo. Baruti aliipima kwa kipimo alichokirithi kwa baba yake, kikombe kidogo cha pembe, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Alisema kile kipimo na baruti yake vimezoeana kama bwana na bibi.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, naye aliwinda, lakini kwa risasi za dukani. Kisha barabara ikaharibika, na vita vikaingia humo barabarani, risasi za duka zikapotea. Bunduki yake ilining'inia ukutani kama koti la marehemu. Tulikula sombe na mawese, kesho sombe na mawese, na mama hakulalamika ila alikuwa anakoroga chungu kwa nguvu. Kwa jirani harufu ya nungu wa kubanikwa ilitoka kila juma. Lazima niwe wa haki: alituletea kipande mara nyingi. Nadhani hicho ndicho kilichomuuma Papa zaidi.

Akaamua kuanza kujaza mwenyewe. Siku ya soko la Walikale tulikwenda wanne, yeye, mama, jirani na mimi. Mimi nilipelekwa kwa sababu nilikuwa la nne na nilikuwa nasoma Kifaransa kwa sauti nzuri. Mwalimu alinisifu mbele ya wazazi, na tangu siku ile nyumbani waliniita Mademoiselle, yaani binti wa heshima kwa Kifaransa.

Mchuuzi alikuwa ametandaza vitu vyake juu ya turubai: mashine ya chuma ya kukunja mdomo wa ganda, koleo la kung'oa fataki zilizokufa, vile viwashio vya baruti vilivyokwisha kutumika, na ile mizani na mawe yake madogo kama meno ya panya. Papa aliikodolea macho ile mashine. Jirani akamshika bega.

"Kaka, wacha ile. Muntu wa kuanza iko na lazima ya bitu bitatu tu: kijiti, kipimo na akili."

"Akili hawauzishe hapa," mama akasema. "Nilizunguka soko yote, sikuiona."

Watu wakacheka, hata mchuuzi. Lakini mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameinua ile mizani kwa kidole, anaiangalia inavyoyumba.

"Papa ya batoto, ukipenda kuchezea moto mu nyumba yangu, ununue hii. Kikombe inadanganya. Hii haidanganye."

Papa akanunua mizani kwa ajili ya mama, na koleo kwa ajili yake mwenyewe. Kijiti angechonga. Baruti ya mchuuzi ilikuwa ya aina nyingine, nyepesi, ya rangi ya majivu, si nyeusi kama ile ya jirani. Mchuuzi naye nisimwonee: alitupa karatasi yake. Alisema, "Musome kwanza." Na wote watatu wakanitazama mimi.

Nyumbani Papa alisafisha meza, akaweka mizani, akaniita. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, maandishi madogo, na katikati jedwali la namba, safu kwa safu. Namba nilizijua. Sikujua ipi ni ya nini. Maneno niliyatamka yote, kwa ile sauti nzuri, na Papa akatikisa kichwa kama mtu aliye kanisani. Nilipomaliza akauliza:

"Njo kusema nini, Mademoiselle? Hii baruti mupya, tunaweza kuipima na kipimo ya jirani? Ao lazima mizani?"

Katika mistari ile yote nilikuwa nimeelewa neno moja, *jamais*. Mwalimu alilitumia akituonya tusiruke ukuta wa shule. Nilijua ni neno la kukataza. Kinachokatazwa sikukijua. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anangoja kujivunia mtoto wake. Ningesema, Papa, sijui. Ni maneno mawili. Mpaka leo nayapima.

"Inasema ni sawasawa tu, Papa."

Akafurahi. Mizani ilikuwa inamsumbua, vidole vyake vilikuwa vinene na upepo uliitikisa. Akaenda kuazima kikombe cha pembe. Jirani alikitoa kwa mikono miwili, akauliza, "Hata kwa hii ya majivu?" Papa akajibu, "Mutoto amesoma." Jirani hakuuliza tena. Naye hajui kusoma.

Kwetu mtu anayeanza hajaribu risasi yake ya kwanza kwa mnyama. Anaipiga kwenye kichuguu mbele ya yule aliyemfundisha, na nyama ya kwanza baadaye inakuwa ya mwalimu wake. Tulikwenda asubuhi nyuma ya shamba la mihogo. Papa alivaa shati la kanisani. Nilisikia mlio ambao haukuwa wa bunduki. Kisha nikaona mtutu umefunguka kama ganda la ndizi, na Papa anaangalia mkono wake wa kushoto kama wa mtu mwingine. Jirani alivua shati lake akaufunga, akambeba mgongoni mpaka kwa muuguzi, ingawa kiumri alimzidi Papa.

Vidole vitatu vilipotea, na sikio. Papa alilima kwa mkono mmoja na nusu mpaka alipokufa. Hakumlaumu mtu, alisema, "Haraka yangu." Mama ndiye aliyelaumu. Alisimama katikati ya uwanja akasema kwa sauti ya kusikika nyumba mbili, "Kikombe yako njo ilikula mukono ya bwana yangu. Usikanyage tena hapa." Na jirani akainamisha kichwa, akaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko. Niliyasikia yote na nikanyamaza. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nimekuwa mtu mzima miaka mingi pia, na nimenyamaza utotoni na ukubwani pia.

Njia ya miguu kati ya nyumba zetu ilimezwa na majani. Asubuhi to, to, to haikusikika tena. Tulidhani anajificha. Sikuendelea na shule sana. Si kwa ajili ya hayo tu, vita pia vilikuwapo, lakini sikutaka tena mtu anisifu.

Leo milio ya bunduki kule kwetu ni mingi kuliko utotoni, na hakuna nyama inayotoka humo. Kijana akionekana na ganda la risasi haulizwi aliwinda nini, anaulizwa yuko upande gani. Wawindaji wameisha. Harufu ya nungu wa kubanikwa sijaisikia tangu nilipoolewa, na kichuguu kile wamekibomoa wakatengeneza matofali.

Jirani alikuja matangani. Mzee sana. Hakuingia uwanjani, aliketi kwenye gogo pale njia ilipokuwa ikianzia, kwa sababu marehemu alimkataza. Nilichukua kopo nikamwendea, nikapiga magoti, nikamwambia. Nilimwambia kwamba sikuwa nimeelewa ile karatasi, kwamba mama aliipenda mizani na mama alikuwa na haki, na kwamba yeye alibeba kosa langu.

Mvua ndogo ikaanza na hakusogea.

"Kikombe nilikitupa mu muto, maji ikakibeba," akasema. "Siku ileile. Ya baba yangu. Nilisema, kama kiliua mukono ya kaka, kitaua na ingine. Sikupiga bunduki tena."

Sikuwa najua hilo. Nilidhani nimemnyang'anya majirani tu.

"Mama yako alijua ile ya karatasi?"

"Hapana, Papa," nikajibu, maana kwetu kila mzee ni Papa.

"Njo amekwenda na kasirani ya bure." Alifuta uso kwa kiganja. Hakusema amenisamehe, na mimi sitaandika kwamba alisema. Akaangalia kopo. "Karatasi iko humo bado?"

"Iko."

"Soma."

Nikaikunjua juu ya goti, nikaikinga mvua kwa kanga. Nikasoma polepole, kwa Kifaransa kidogo nilichokuja kukielewa baadaye, na kila mstari nikamgeuzia kwa Kiswahili: kwamba kila baruti ina uzito wake na nguvu yake, kwamba *jamais*, kamwe, usitumie kipimo cha baruti moja kwa nyingine. Alikuwa anaitikia, ee, ee. Chini kabisa kulibaki mistari miwili yenye maneno ambayo sikuyajua.

"Na pale mwisho wanasema nini?"

"Sijui, Papa," nikamwambia. "Pale sielewi."